Vidagaa Wasiokua

Asubuhi hiyo Dzatugbe alikuwa anaanika vidagaa ufukweni mwa mji wa Keta. Walikuwa weupe na wembamba kama uzi, ukiwaangalia unaona mpaka ndani. Nyuma ya nyumba alikuwa na majiko matatu ya kubanikia samaki. Yote matatu yalikuwa yamepoa tangu mwaka juzi.

Sadini wakubwa walikuwa wameadimika. Mwaka jana mwanawe wa kwanza, Selorm, aliwafuata mbali, kwenye bahari ya nchi za watu, na boti yao haikurudi. Sasa mdogo wake, Edem, naye alikuwa anafunga mfuko wa safari.

"Mama, Jumatatu naondoka."

"Uende ukafe na wewe?"

"Nikae hapa nile nini? Mchanga?"

Dzatugbe aliinamia mkeka. Akaendelea kugeuza vidagaa.

Mchana alikuja Enyonam, binti wa kaka yake, anayefanya kazi kituo cha utafiti wa samaki. Alikuja kumjulia hali shangazi yake. Alipouona mkeka, akasimama.

"Shangazi, hawa mmewavuaje?"

"Si kwa kokoro letu? Mkiani mwa wavu nimeshonea chandarua. Bila hivyo wangepita wote."

"Na ni samaki gani?"

"Wewe kweli mtoto wa hapa? Ni vidagaa wasiokua! Mungu kawaumba hivyo hivyo."

Enyonam hakucheka. Alichukua kidagaa mmoja mbichi, akamweka kwenye sahani ya maji. Akatoa kioo cha kukuzia na simu yake.

"Wataalamu wa nchi nyingi wameweka kumbukumbu zao pamoja kwenye mtandao," alisema. "Kila samaki ana picha zake, tangu yai mpaka anapokuwa mkubwa. Mtazame huyu wako. Utumbo umenyooka, karibu ufike mkiani. Haya, tazama picha."

"Ndiye huyu huyu," alisema Dzatugbe.

"Hapo ana wiki chache. Sasa tumwone akikua."

Enyonam alisogeza picha kwa kidole. Samaki akanenepa, akaota magamba, mgongo ukawa wa buluu. Dzatugbe alimtambua kabla hajaambiwa. Alikuwa amembanika samaki huyo miaka thelathini.

"Sadini," alisema.

"Ni watoto wa sadini, shangazi. Mnawamaliza kabla hawajazaa."

Masikini Dzatugbe! Aliketi mchangani. Chandarua alikishona yeye, kwa mkono wake. Samaki ambao Selorm aliwafuata mbali, yeye alikuwa akiwaanika hapa, karai kwa karai. Alilia mpaka majirani wakaja.

Jioni mumewe Agbenyega, mwenye kokoro, aliwaita wavutaji wote wa wavu.

"Tukitoa chandarua tutakula nini?" mmoja alifoka. "Hao wataalamu watatulisha?"

"Hawatatulisha," alisema Agbenyega. "Tutashinda na njaa. Lakini mimi mtoto mmoja nimeshampoteza baharini."

Dzatugbe akashika wembe, akafumua mshono mbele yao.

Enyonam alizunguka na simu yake kwa wenye makokoro wengine. Wanne walikubali. Wawili walimfukuza.

"Nangoja mwaka mmoja tu, mama," alisema Edem. "Usiseme sikukwambia."

Mwaka ule ulikuwa mbaya. Walikula akple, ugali wao wa mahindi na muhogo, kwa pilipili tupu. Sokoni mwanamke mmoja alimtemea Dzatugbe mate, kwamba amewaletea watu njaa. Edem alifunga mfuko, akaufungua tena, mara mbili.

Agosti ya mwaka uliofuata, kokoro lilikuja zito. Lilitoa makapu sita ya sadini, kila samaki ukubwa wa kiganja kizima. Hawakuwa wengi kama zamani, lakini walitosha kuwasha majiko mawili. Edem alishusha kapu mbele ya mama yake, jasho likimtiririka. Alimkuta analia.

"Mama, mbona unalia na samaki wamekuja?"

"Hawa ndio aliowafuata kaka yako," alisema Dzatugbe. "Lete kuni."