Fabricio na Kiti cha Katikati

Fabricio alifariki Jumanne saa tano asubuhi, akiwa darasani anafundisha fizikia. Moyo. Mimi nilikuwa dukani, hapa mtaa wa Palermo, nafunga nyuzi za raketi ya tenisi ya mteja. Jina lake lilipotokea kwenye simu niliiacha iite kwanza, kwa sababu tulikuwa tumegombana. Mara ya tatu nikapokea.

"Samahani, wewe ndiye Rubén wa Raketi?" sauti ya mwanamke ikauliza. "Ndivyo ulivyoandikwa kwenye simu ya mwalimu."

Mimi ndiye niliyemwambia aniandike hivyo.

Ugomvi ulianza Jumapili, uwanjani. Kila Februari, mashindano ya tenisi yakifika hapa Buenos Aires, tulikuwa tunakaa jukwaa la kivulini na rafiki yetu Cacho na wenzetu wawili, wote wanaume tunaopenda wanaume. Siku hiyo alikuwa anacheza Iturralde, kipenzi chetu.

"Tazameni bekhendi hiyo ya mkono mmoja," Cacho akasema. "Mwanaume anayepiga hivyo hana mke."

"Ana mchumba. Nimeona picha," mmoja wa wenzetu akasema.

"Hata mimi nilikuwa na mchumba, mwanangu. Miaka minne. Mama yake mpaka leo ananiletea keki."

Tulicheka. Fabricio hakucheka.

"Miaka yote hii tunawashangilia hawa wachezaji," akasema. "Iturralde angesema tu. Siku moja, kwenye kipaza sauti. Ingemgharimu nini?"

"Mwache acheze," nikamjibu. "Hatujui hata kama ni mwenzetu."

Akanitazama, kisha akatazama kiti kilichokuwa kati yetu. Kwa miaka kumi na moja tulikata tiketi tatu. Yeye huku, mimi kule, katikati koti langu. Anayetuona aseme ni watu wawili waliokutana kwenye tenisi.

Nyumbani kwangu akaniuliza, "Unamtetea Iturralde, au unajitetea wewe?"

"Nusu ya jukwaa lile ni wateja wangu, Fabri."

"Wateja wako wanataka nyuzi zisilegee. Basi."

"Hujui wanavyotusema pale dukani."

"Najua unavyocheka nao."

Akachukua mkoba, akaenda kulala kwake. Jumatatu akanitumia ujumbe: *Jumapili, siku ya fainali, nakaa kiti cha katikati. Ukiona aibu, hama wewe.*

Sikumjibu. Nilitaka akae kidogo na hasira zake.

Jumatano tukamuaga kwenye ukumbi mdogo wa msiba, mtaa wa Almagro. Mama yake, Doña Nélida, alikuja kwa basi kutoka mji wa Tandil. Alisimama karibu na jeneza, akimpa mkono kila aliyeingia.

"Na wewe ni nani wake, mwanangu?"

"Namfungia nyuzi za raketi zake, mama."

"Asante kwa kuja," akasema, akampa mkono aliyekuwa nyuma yangu.

Nikatoka nje. Cacho akanifuata.

"Umefanya vizuri," akasema. "Mama wa watu ana miaka themanini. Usimzike pamoja na mwanawe."

"Nimefanya nilivyozoea, Cacho. Narudi ndani."

"Kusema nini?"

"Ukweli. Fabri hayupo tena wa kunisemea."

Nikasimama mbele ya Doña Nélida kwa mara ya pili.

"Mama, naitwa Rubén, na nimekuficha jambo. Raketi nafunga kweli. Lakini mimi na mwanao tumependana miaka kumi na moja. Kahawa yake ya asubuhi nilimpikia mimi."

Nikasikia vikombe vikipangwa chumba cha pili.

"Kila Krismasi alikuwa ananyanyuka mezani, anakwenda uani kupiga simu," akasema. "Nikadhani ana mke wa mtu. Nilisali rozari mwanamke huyo amwachilie."

"Nilikuwa mimi."

"Hakukualika?"

"Kila mwaka."

"Kwa nini hukuja?"

"Niliogopa utanikataa."

"Labda ningekukataa," akasema. "Lakini hata nafasi ya kukukataa hukunipa. Hilo ni lako, Rubén, usinitwishe mimi." Akafungua mkoba, akatoa miwani. "Nionyeshe neno lake la mwisho. Najua lipo. Alikuwa hawezi kunyamaza, huyu."

Nikampa simu. Akasoma ule ujumbe taratibu, mara mbili.

"Tiketi unazo?"

"Ninazo zote tatu."

"Majivu yake wananipa Jumatatu. Jumapili sina kazi."

Jumapili nikaingia uwanjani nimemshika mkono. Nikamkalisha kiti cha Fabricio. Mimi nikakaa katikati. Koti nikaliweka pale nilipokuwa nakaa zamani.

Cacho alikuwa amekuja na kitambaa kirefu, maandishi mekundu: ITURRALDE, SEMA.

"Kwa heshima ya Fabri," akasema. "Tunakiinua seti ya pili."

"Kikunje, Cacho."

"Yeye ndiye aliyekuwa analitaka hili."

"Fabri hakuwa anasema na Iturralde. Alikuwa anasema na mimi. Yule kijana hatujui ana nini, na akiwa nacho, atasema siku yake. Kikunje."

Alinitazama sana. Akakikunja, akakikalia.

Kabla ya mchezo kuanza, Pereyra, mteja wangu wa siku nyingi, akageuka kutoka safu ya mbele. Kando yake alikuwa kaka yake.

"Rubén, leo umekuja na mama yako?"

Jibu la kumpoza lilikuwa mdomoni. Nikalimeza.

"Ni mama wa mume wangu. Alifariki Jumanne."

Kaka yake akageukia uwanja, na shingo yake sikuiona ikigeuka tena mpaka mwisho. Pereyra akavua kofia.

"Pole, ndugu yangu. Pole, mama. Raketi yangu isikuumize kichwa, itasubiri."

Mkono wa Doña Nélida ukaja juu ya wangu, ukabaki hapo.

"Ni yupi ambaye mwanangu alikuwa anampenda?" akaninong'oneza.

"Yule mwenye shati jeupe."

Akamtazama Iturralde akinyoosha miguu.

"Mapaja yapo," akasema. "Lakini anatembea kama anayetafuta ufunguo ulioanguka."

Cacho alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli. Iturralde alishindwa seti mbili mfululizo.

Kaka wa Pereyra amehamishia raketi zake duka jingine, na wengine watatu nao. Doña Nélida hunipigia kila Alhamisi saa mbili usiku. Tunazungumza kama dakika kumi, halafu anakwenda kulala.