Walinzi Watatu wa Mlango Mmoja

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta mwingine. Watu wote katika hadithi hii walikuwa na akili zao timamu, hata paka.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mchana jua huingia kwa dirisha moja, na vumbi la sponji huelea katika mwanga ule taratibu, kama kitu kisicho na haraka ya kufika popote. Ukikaa humo sana, na wewe unaanza kuelea. Mke wangu husema nafanya kazi nusu nimelala. Ananionea. Ni robo tu.

Binti yetu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Tunamwita Msanii, tangu siku aliyochora uso wa bibi yake kwenye ukuta wa choo. Pembe moja ya meza yangu ya kukatia vitambaa ni yake. Hapo ndipo inapokaa kompyuta mpakato aliyonunuliwa na mama yake.

Msanii alikuwa anatengeneza filamu fupi ya katuni. Anachora picha moja kwa kalamu juu ya kioo cha kuchorea kinachochomekwa kwenye kompyuta, anabadilisha kidogo, anachora nyingine, mpaka picha zinatembea. Filamu yake ilihusu kiti kilichochoka kumsubiri mwenyewe. Siku moja kiti kinashuka ngazi kwa miguu yake minne, kinaingia barabarani kumtafuta. Alianza kuichora kabla ya mvua, na mvua ilikuwa imeshapita.

Chuo cha sanaa kilitaka kazi za waombaji zifike kabla ya Ijumaa jioni. Filamu ikifika, Msanii ana nafasi. Isipofika, atasubiri mwaka mzima.

Jumatano yeye alikuwa shuleni. Nilifungua kompyuta nikiangalie kile kiti. Nenosiri alinipa mwenyewe, kwa sababu alijua kinanipumzisha. Nikakitazama kikitembea, chap, chap, chap, chini ya taa za barabarani. Nikaiacha filamu wazi hapohapo, nikaingia mtandaoni kutafuta picha ya kochi ambalo mteja alinieleza kwa mikono.

Ghafla kioo chote kikawa chekundu. Kengele ikalia. Maandishi makubwa yakasema: HATARI. KOMPYUTA YAKO IMEJAA VIRUSI. BONYEZA HAPA SASA HIVI.

Virusi vya kompyuta nilikuwa nimevisikia. Si ugonjwa wa mafua. Ni programu mbaya ambazo watu waovu hutengeneza ili ziingie kwenye kompyuta, ziharibu kazi au ziibe siri. Na antivirusi ni programu ya kuzuia hizo, yaani mlinzi. Basi nikabonyeza. Wewe ungefanyaje? Usinijibu.

Mlinzi wa kwanza akaingia. Hapo ufundi wangu ukaniponza. Kochi zuri lina tabaka tatu: sponji ngumu chini, sponji laini katikati, pamba juu. Nikajiambia, kama kinga moja ni nzuri, basi kinga tatu ni kochi la waziri. Nikatafuta ya pili mtandaoni, nikachukua ya kwanza iliyoandikwa "bure". Ya tatu alinipa jirani yetu auzaye nyimbo, tunayemwita Midundo. Alikuwa nayo kwenye flashi.

"Hii watu wanalipia," alisema. "Mimi nimeivunja kufuli. Chukua tu, jirani."

Nikaiweka. Nikajiona mzazi.

Kompyuta ikaanza kuwa nzito. Mshale ulivuka kioo kama mtu anayevuka mto wenye maji ya kiuno. Kiduara kidogo kikawa kinazunguka, kinazunguka. Nikaizima kwa kubana kitufe, nikaiwasha. Kiduara kikarudi. Nikakitazama mpaka kikanibembeleza. Nikajilaza kwenye kochi la mteja, lile lisilo na kitambaa bado, na usingizi ukanichukua hapohapo juu ya sponji na springi.

Nikaota walinzi watatu mlangoni kwetu. Kila mmoja na sare yake, na hawajuani. Wa kwanza anamwomba wa pili kitambulisho. Wa pili anampekua wa tatu mifukoni. Wa tatu anampulizia wa kwanza filimbi. Kile kiti cha Msanii kikataka kutoka, wote watatu wakakirukia, wakakikamata miguu. Sponji zilikuwa zinaanguka kutoka angani polepole. Na nyuma yao mtu nisiyemjua akapita amebeba sufuria zetu zote. Aliponifikia akanisalimia vizuri sana. Nami nikamwitikia.

Nilipofungua macho, Msanii alikuwa amesimama juu yangu na begi la shule mgongoni.

"Baba, umeigusa kompyuta?"

"Nimeilinda."

"Umeilinda na nini?"

Nikamweleza. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo alivyoshuka, mpaka akakaa sakafuni na begi lake.

Programu yake ya kuchorea haikufunguka. Kulikuwa na maandishi tu, kwamba imefungiwa kwa kuwa inashukiwa. Kisha yule mlinzi wa kwanza akajitokeza tena na wekundu wake. Alisema ameona virusi vingi mno, na ili aviondoe anataka namba za kadi ya benki.

Nikatoa kadi. "Ngoja nimpe anachotaka, atuachie."

"Baba, rudisha kadi mfukoni," Msanii alisema kwa sauti ndogo. Hakulia. Afadhali angelia. "Nampigia mama mdogo."

Mama yake mdogo ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Anatunza kompyuta za hospitali. Pia ananitunza mimi, kwa maneno. Alifika baada ya kazi, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni.

"Shemeji," alisema kabla hajakaa, "nasikia umefungua kampuni ya ulinzi."

"Nilikuwa namsaidia mtoto."

"Umeajiri wangapi?"

"Watatu."

"Wanaelewana?"

Nikakumbuka ndoto yangu. Nikamsimulia yote, hadi sufuria. Shemeji alicheka mpaka akashika meza.

"Ndotoni una akili sana, shemeji. Shida yako inaanza ukiamka."

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima intaneti. Kisha akamwita Msanii akae mbele ya kibodi. "Shika wewe. Kompyuta ni yako, mimi nitasema tu. Na wewe, fundi, sogea usikie."

Nikasogea na nyundo yangu mkononi. Akanitazama. Nikaiweka chini.

"Huyu mwekundu si mlinzi," alisema. "Ni mwizi aliyevaa sare. Ukurasa wa mtandao hauwezi kuchungulia ndani ya kompyuta yako ukahesabu virusi. Ukiona tangazo linapiga kelele, linakuharakisha, linataka ubonyeze au upige simu, usibonyeze popote. Funga dirisha la intaneti lote. Likigoma kufunga, zima kompyuta kwa utaratibu."

"Na ya Midundo?"

"Ya Midundo imevunjwa kufuli. Aliyeivunja hatumjui, wala alichoacha ndani hatukijui. Wewe unaweza kununua mlango kwa mtu aliyeung'oa kwa jirani?"

"Inategemea mbao," nilisema.

"Baba," alisema Msanii.

"Ile ya pili?"

"Ya pili huenda ni nzuri, huenda si nzuri. Lakini antivirusi mbili zikifanya kazi kwa pamoja, kila moja inamwona mwenzake ni adui. Zinapekuana siku nzima. Ndiyo maana kompyuta imekuwa kama inatembea usingizini. Na katika fujo hiyo wamemkamata asiye na kosa, programu ya kuchorea."

Msanii aliziondoa zote tatu, moja baada ya nyingine, kupitia mipangilio ya kompyuta. Akaiwasha upya. Shemeji akamwonyesha sehemu inayoitwa usalama.

"Tazama. Kompyuta hii ilikuja na mlinzi wake tangu ilipotengenezwa. Baba yako alipoleta wageni, yeye akakaa pembeni kwa heshima zake. Mwamshe."

Msanii alimwamsha. Intaneti ikarudishwa kwa muda mfupi, mlinzi akapata taarifa mpya za virusi vya siku hizi. Kisha akaanza kupekua kompyuta nzima, faili kwa faili.

Upekuzi ule ulichukua muda. Jua lilishuka dirishani, vumbi la sponji likawa rangi ya asali. Mke wangu alirudi kazini, akaleta chai, akatukuta wote tumetazama mstari mmoja wa kijani unaojaa polepole. Alikaa kwenye mkono wa kochi, naye akaanza kuutazama. Paka alilala juu ya kitambaa cha mteja. Hata mimi sikumfukuza.

"Huyu wa bure anatosha kweli?" aliuliza mke wangu baada ya kuelezwa yote.

"Kwa mwanafunzi kama huyu, anatosha, mradi amewashwa na anapata taarifa mpya," alijibu mdogo wake. "Wapo wazuri wa kulipia pia, wenye vitu vya ziada. Mkimtaka, mchague mmoja tu. Mtafute aliyepimwa na wapimaji wasiouza antivirusi. Mchukueni kwenye tovuti ya waliomtengeneza, si kwa Midundo. Muulize kama ni mwepesi, maana Msanii anachora na kuchora kunataka nguvu. Na msome mtadaiwa nini mwaka wa kwanza ukiisha, kwa sababu wengi ni rahisi mwanzoni tu."

"Mimi nabaki na huyu," alisema Msanii. "Ni mwepesi, na hapigi kelele."

Upekuzi ulipoisha, mlinzi alikuta takataka mbili za Midundo, akaziondoa. Msanii alibadilisha nenosiri la barua pepe yake kwa simu ya mama yake, maana hatukujua wale wageni walikuwa wameona nini. Kabla ya hapo nilidhani kubadilisha nenosiri ni kazi ya watu wenye siri. Shemeji akaniambia kila mtu ana siri, na yangu ni lile deni la mto wa kulalia ambao sijamshonea.

Programu ya kuchorea iliporudishwa, Msanii alifungua kazi yake. Kiti kilishuka ngazi. Kilitembea chini ya taa. Kilikunja kona. Kisha kioo kikawa cheusi.

"Mwisho haupo," alisema.

Shemeji aliangalia. "Kompyuta ilizimwa kwa nguvu filamu ikiwa wazi. Faili la mwisho limeharibika. Ulikuwa na nakala mahali pengine?"

Msanii alitikisa kichwa.

"Basi hilo nalo tujifunze. Antivirusi haikurudishii kilichopotea. Nakala ndiyo inakurudishia. Kila ukimaliza kuchora, weka nakala kwenye diski ya nje, kisha uichomoe."

Nilitoka nje nikasimama barabarani. Taa zilikuwa zinawaka, kama kwenye filamu. Nilitamani kile kiti kije kinipige teke.

Alhamisi Msanii aliomba ruhusa shuleni, akakaa kwenye pembe yake ya meza tangu asubuhi. Nilitembea kwa ncha za vidole. Sikupiga nyundo. Mchana akaniita.

"Baba, nenda kalale."

"Nimekosa nini tena?"

"Lala pale kwenye kochi, kama jana. Nakuchora."

Nikalala. Safari hii nililala kwa kazi maalumu, na nakwambia, sijawahi kufanya kazi vizuri hivyo. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza kwenye kioo cha kuchorea, mbali, kama mvua ya nyumba ya pili.

Mwisho wa zamani, kiti kilimkuta mwenyewe mlangoni akikisubiri. Mwisho mpya, kiti kinaingia kwenye karakana ya fundi. Sponji zinaelea hewani. Mwenyewe amelala juu ya kochi jingine, mdomo wazi. Kiti kinamtazama kwa muda mrefu. Hakimwamshi. Kinasogea, kinampokea miguu iliyokuwa inaning'inia.

Mke wangu alipouona alisema huo ndio ulikuwa mwisho wake tangu mwanzo. Filamu ikatumwa Ijumaa mchana, na nakala yake ikiwa kwenye diski ndani ya kabati la nguo.

Chuo kilimpokea. Barua yao ilisema walimu waliipenda hasa sehemu ya mwisho. Niliwauliza nyumbani kama mlalaji hapaswi kutajwa. Mke wangu akanipa nyundo yangu.

Siku hizi kompyuta ina akaunti mbili. Moja ni ya Msanii ya kila siku. Nyingine ni ya kuweka programu mpya, na nenosiri lake analo mke wangu. Mimi sijapewa, na sijauliza kwa nini. Kila programu ikisema ina toleo jipya, Msanii haiahirishi. Flashi ya mtu ikichomekwa, inapekuliwa kwanza. Juzi ule ukurasa mwekundu ulijitokeza tena na kengele yake. Msanii aliufunga bila hata kuacha kutafuna karanga.

Lakini mimi moyo wangu ni wa fundi makochi. Jumapili tulikuwa wote karakanani, shemeji pia, amefuata mto wake. Nikaona niliseme.

"Mimi bado nasema mlinzi mmoja ni mchache. Tungemwongezea hata mmoja mdogo, wa zamu ya mchana."

"Shemeji, usinirudishe nyuma," alisema shemeji.

"Sikiliza. Kitu unachokipenda hukiwekei kinga moja. Huyu ni mwanangu, anakwenda chuoni, mbali. Mmoja atatosha vipi?"

Mke wangu alifungua mdomo, lakini Msanii alimtangulia. Hakuinua hata macho kwenye mchoro wake.

"Baba, mimi nina baba mmoja tu, na bado kuna siku naona wamezidi."