Mbege Tu

Jumapili hiyo nyumbani kwa Mzee Aristides, kule Kilema, palikuwa na pilikapilika tangu alfajiri. Mjukuu wake Daniel, mtoto wa miezi mitano, alikuwa anabatizwa. Ndizi zilikuwa zimemenywa tangu jana yake. Mtori ulikuwa jikoni, mbuzi alikuwa ameshachinjwa, na mbege ya ndizi na ulezi ilikuwa inatoa povu ndani ya pipa. Swaleh, mkodishaji wa viti na maturubai kutoka Moshi mjini, alikuwa ameleta viti mia kwenye pikapu yake. Hellen, mama wa mtoto, alivaa viatu vipya vilivyombana vidole, lakini siku hiyo hata viatu havikumkera.

Mume wake, Leodegar, alikuwa ameshuka mlimani juzi yake. Leodegar ni mpagazi. Anabeba mizigo ya watalii wanaopanda Kilimanjaro. Ni kazi ya watu wenye moyo, na Leodegar anao. Lakini kila akishuka, mgongo na magoti yanamuuma. Siku za karibuni alikuwa na njia yake ya kutuliza maumivu na kujifurahisha. Hellen hakuijua njia hiyo. Aliyeijua ni Theodory, mpagazi mwenzake.

Baada ya misa wageni walikula na kunywa. Hellen alikwenda kuchota maji, akawakuta Leodegar na Theodory nyuma ya banda la ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na kata ya mbege mkononi. Walikuwa wanacheka kitu ambacho hakikuchekesha.

"Baba Dani, wageni wanakuulizia," Hellen alisema.

"Nakuja, mama Dani. Dakika tu."

Ulimi wake ulikuwa mzito na macho yamelegea. Hellen akafikiri ni uchovu wa mlima. Akabeba maji yake, akaenda zake.

Saa tisa ukafika wakati wa kumpa mtoto zawadi. Baba wa mtoto hakuonekana. Hellen alirudi nyuma ya banda akiwa amejiandaa kumfokea. Akamkuta amelala chali juu ya majani makavu ya migomba.

Alikuwa anakoroma. Lakini Hellen amelala na mtu huyu miaka mitatu, na hakuwahi kumsikia akikoroma hivyo. Ilikuwa sauti ya maji yanayotokota kooni. Kisha kimya. Kimya kirefu. Kisha sauti ile tena.

"Leodegar!" Alimtikisa. "Leodegar, amka!"

Hakuamka. Alimfinya mkono kwa kucha. Hakuamka. Ndipo Hellen akaitazama midomo yake. Ilikuwa imepauka, rangi ya majivu.

Alipiga kelele. Wa kwanza kufika alikuwa baba mkwe.

"Mwache alale," Mzee Aristides alisema. "Ametoka mlimani huyu. Jioni atazinduka mwenyewe."

Mama mkwe naye alikuja mbio na kikombe cha maziwa. "Mnyweshe haya. Yatakata mbege."

Hellen alishika kikombe. Yeye ni mkwe katika nyumba hii. Hajawahi kumpinga mama mkwe hata kwenye chumvi. Alikiweka kikombe karibu na mdomo wa mumewe. Akasikia tena kile kimya. Safari hii kilikuwa kirefu zaidi.

"Nisamehe, mama," alisema. Akakiweka kikombe chini, akakimbia.

Chini ya turubai alikuwapo Pamela, muuguzi wa zahanati, jirani yao. Aliacha sahani yake, wakaenda pamoja mbio. Pamela alipiga magoti. Alitazama kifua cha Leodegar huku akitazama saa yake ya mkononi. Watu walikuwa wameshazunguka.

"Anapumua mara sita kwa dakika," alisema. "Mtu mzima hapumui chini ya mara kumi na mbili. Hellen, amekunywa pombe?"

"Hapana, nesi. Mbege tu."

"Mbege ni pombe."

"Mbege ni chakula, mwanangu," Mzee Aristides aliingilia. "Sisi wote tumekua nayo."

"Baba, ni chakula, na ndani yake mna pombe. Lakini mbege peke yake haijamfanya hivi. Amemeza nini kingine?"

Hellen alitazama huku na huku. Theodory alikuwa anarudi nyuma taratibu, kuelekea njia ya migombani. Hellen alimrukia, akamkamata shati.

"Theodory! Ulikuwa naye. Sema!"

"Sijui chochote, shemeji."

"Mume wangu anakufa, wewe unaniambia hujui?"

"Nitafungwa, shemeji." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nikisema nitafungwa."

"Mimi si polisi," Pamela alisema. Hakupandisha sauti. "Mimi ni nesi. Nataka kujua kitu kinachomzuia kupumua. Kila dakika unayonyamaza ni yake, si yako."

Theodory aliingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti mbili za vidonge. "Hii ni tramadol, ya maumivu. Hizi ndogo ni valiamu, za usingizi. Tunachanganya, halafu tunashushia na mbege. Stimu inakaa zaidi. Juzi tulifanya hivyo hivyo na hakuna kitu kilitokea!"

"Wewe umemeza?"

"Nilikuwa bado. Yeye alitangulia."

Pamela alizichukua pakiti. Alimlaza Leodegar kwa ubavu, akakunja goti lake la juu ili asibingirike, akainua kidevu chake kidogo. Sauti ile ya maji kooni ikapungua.

"Akitapika akiwa chali, matapishi yataingia kwenye mapafu," aliwaambia. "Na mtu asiyejitambua msimnyweshe kitu. Si maziwa, si maji, si uji. Yatamsonga. Nataka gari, sasa hivi."

Swaleh alikuwa ameshafika kwenye pikapu yake. Viti vya ziada vilivyokuwa bado ndani alivitupa chini vyote, vingine vikavunjika, wala hakugeuka kuvitazama. Walitandika godoro nyuma. Hellen alimwachia mama mkwe mtoto, akapanda. Theodory naye akapanda bila kuambiwa.

Njia ya kushuka ilikuwa na mashimo na kona. Hellen alishika mkono wa mumewe. Ulikuwa wa baridi. Alihesabu kila pumzi kwa sauti, na kila akimaliza moja aliogopa kwamba haitakuja nyingine. Walipokaribia lami, haikuja.

"Nesi! Nesi, ameacha!"

Pamela alimgeuza chali, akainamisha kichwa chake nyuma, akamziba pua, akampulizia pumzi mdomoni. Kifua kikainuka. Akapuliza tena. Na tena. Alimpulizia hivyo hadi hospitali. Hellen alikuwa anasali, lakini maneno ya sala aliyoijua tangu utoto yalimpotea, akabaki anasema "tafadhali, tafadhali".

Hospitalini Pamela alimpa daktari zile pakiti na kusema yote aliyoambiwa na Theodory njiani: vidonge gani, vingapi, saa ngapi, na mbege. Daktari hakuuliza habari ya polisi. Walimwekea oksijeni, wakamchoma dawa ya kupunguza nguvu ya tramadol. Hellen na wenzake waliambiwa nguvu ya dawa hiyo huisha mapema, kwa hiyo lazima mgonjwa akae chini ya uangalizi.

Walikaa kwenye benchi, Hellen, Theodory na Pamela.

"Nesi," Theodory aliuliza, "kwa nini juzi hatukudhurika?"

"Kwa sababu mlikuwa na bahati. Pombe inapunguza kasi ya kupumua. Tramadol inapunguza. Valiamu nayo inapunguza. Ukizichanganya, ni sawa na watu watatu kukaba shingo moja. Leo umechoka zaidi, au hukula vizuri, au umeongeza kidonge kimoja, na mwili unashindwa. Hakuna anayeweza kukuambia kipimo salama, kwa sababu hakipo."

"Na kama Theodory asingetoa pakiti?" Hellen aliuliza.

"Daktari angekuwa anabahatisha. Na mumeo hakuwa na muda wa kubahatishiwa."

Theodory aliinamisha kichwa. Hellen alitaka kumchukia, akashindwa. Alikuwa na hofu juu yake pia.

Leodegar alifungua macho kesho yake asubuhi. Neno la kwanza aliuliza kama wageni wamekula. Hellen alilia, akamzaba kofi dogo begani, akalia tena.

Kabla ya kuruhusiwa kutoka, daktari aliongea nao. Maumivu ya mgongo yana matibabu yake, na dawa hutumiwa kama alivyoandika daktari, bila pombe. Aliyezoea kumeza vidonge kila siku asiviache ghafla akiwa peke yake. Aje, asaidiwe kuacha taratibu. Theodory ndiye aliyekuwa ameshazoea. Alisikiliza yote, akabaki humo ndani na daktari baada ya wenzake kutoka.

Miezi mitatu imepita. Theodory bado anahudhuria kliniki. Mzee Aristides sasa, kabla ya kumpa kijana yeyote kata ya mbege, anamuuliza kama ametumia dawa. Vijana wanacheka, lakini wanajibu.

Wiki iliyopita Pamela alimwomba Leodegar azungumze na wapagazi kabla hawajapanda. Hellen alisimama pembeni na mtoto mgongoni. Kijana mmoja alimuuliza Leodegar alijisikiaje alipokuwa anakufa.



"Vizuri," alijibu. "Nilijisikia vizuri sana. Hapakuwa na maumivu wala hofu. Nilidhani napata usingizi mtamu. Msingoje mwenzenu alie ndipo mjue anakufa, hatalia. Mimi sikuogopa hata kidogo. Aliyeogopa ni yule pale, mke wangu, na ndiyo maana niko hai."