Mtoto wa Dirisha la Kulia

Kitufe cha kufutia kilibonyea chenyewe, na mikono ya Tabea ilikuwa mapajani.

Alidhani ni vumbi. Kompyuta za mitumba zilizomiminika Arusha tangu biashara iachiwe huru zilikuwa na visa kuliko mke mwenza, na ile ya Hatibu, mwenye ofisi ya kuchapa pale Kaloleni, ndiyo ilikuwa mama yao.

Kwenye kioo alikuwa amefungua madirisha mawili ubavu kwa ubavu. La kushoto lilikuwa na wasifu wa marehemu Mzee Elinami kama ulivyoletwa na mwanawe Naftali kutoka mlimani: ameacha mjane na watoto watano. La kulia lilikuwa na wasifu uleule, isipokuwa watoto walikuwa sita, na jina la mwisho lilikuwa Tabea. Hilo la kulia ndilo alilokusudia kulichapa. Kesho yake mchungaji angewaita watoto kwa majina waweke mashada, naye angeitwa, ukoo mzima ukisikia.

Naftali hakujua kwamba karatasi kampa dada yake. Mzee alijua. Aliwahi kufika ofisini mara moja, akinuka maganda ya kahawa ya shambani kwake, Tabea akamwamkia, "Shikamoo, baba." Mzee akakohoa kile kikohozi chake cha ugoro, akatazama mlangoni.

"Marahaba. Lakini hilo la baba usiliseme mbele za watu."

Tangu siku hiyo Tabea hakulitamka tena.

Aliandika jina upya. Kitufe kikabonyea, kikabonyea, herufi zikaondoka moja moja kutoka nyuma.

"Bosi," alinong'ona, "njoo uone."

Hatibu alikuja na kikombe mkononi, akasimama nyuma ya kiti, na wote wawili wakaisikia harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha ikipanda kutoka chini ya meza, kisha ugoro, kisha pumzi ya mtu mzee iliyopita katikati ya mashavu yao ikielekea kwenye kioo, huku kitufe kikizama na kuinuka na dirisha la kulia likijifuta mpaka likafanana kabisa na la kushoto.

"Huyo si jini wa mashine," Hatibu alisema kwa sauti ya chini. "Kafuata mtu. Nani anakufuta?"

"Baba."

Hatibu alisoma Ayatul Kursi mpaka jasho likamtoka. Harufu ikakatika. "Katoka. Ila jina hilo liache, dada."

"Kaninyima akiwa hai, Bosi. Na akiwa maiti pia aninyime?" Uchungu ulimzidi woga. Akaliandika tena, akachapa, likatoka karatasini jeusi tii.

Makaburini mchungaji alisoma majina matano. Alipofika la sita alifungua kinywa, kikatoka kikohozi. Cha ugoro, na mchungaji yule hata tumbaku hakuwahi kuionja. Akaikunja karatasi, akaomba wimbo uanze.

Binti alimkimbilia mama yake, aliyesimama nyuma kabisa, migombani, mahali walipomzoesha kusimama.

"Mama, niite jina langu. Kwa sauti, wasikie."

Mama alifungua kinywa, akakifumba. Akamshika mashavu, akamtazama sana, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu," akanong'ona, "hivi nilikuita nani?"