Kinyozi wa Magenge Mawili

Rafiki yangu kinyozi aliwanyoa wakubwa wa magenge mawili yaliyogombea mtaa mmoja, Babu na Kijana, kila mmoja kwa siku yake, na mdomo wake aliuchunga.

Babu alipopigwa risasi akafa, Kijana akaja kesho yake kifua mbele. "Nipendezeshe, fundi. Leo mtaa wote ni wangu."

Katikati ya kunyoa, umeme ukakatika. Walinzi wa Kijana, wakihofia kuvamiwa, wakashusha mlango wa chuma. Giza likawa totoro.

"Endelea," Kijana akaamuru. "Si hujisifu mikono yako ina macho? Ila ukinikata, nakukata."

Kinyozi akaendelea kwa kupapasa, roho mkononi. Wembe ukakwaruza, kwaru, kwaru. Nyuma ya sikio kidole chake kikagusa kovu nene. Akaganda. Kovu lile alilijua miaka yote. Lilikuwa la Babu.

"Mbona umesimama, mwanangu?" sauti ikauliza taratibu. Kijana hajawahi kumwita mwanangu.

Umeme ukarudi. Kijana alikuwa amesinzia kitini, nywele nyeusi tititi, hana kovu. Kitambaa alichofungwa shingoni kilikuwa kimejaa mvi tupu.