Ncha ya Futi Kwenye Mwamba

"Dada, mbona nyayo zote zinaingia tu? Za kutoka ziko wapi?"

Swali lilibaki likielea kama vumbi. Dada mtu alilisikia vizuri, ila alikuwa amechoka kusikia. Tangu asubuhi walikuwa wakipanda na kushuka makorongo ya jangwa lile, na kila korongo lililowaahidi tao la mwamba liliwapa ukuta. Ukuta mwekundu, mkavu, wenye kiburi. Mabega yalikuwa yamechubuka. Maji yalibaki ya kulowesha ulimi. Mjomba aliyewaleta alikuwa anawasubiri garini huko mdomoni mwa korongo, bila shaka anakoroma.

Chuoni dada huyu walimwita Hoja. Jukwaani hakuna aliyewahi kumfunga mdomo. Nyumbani yupo mmoja: mdogo wake, Sisimizi, kibinti chembamba kisichochoka, ambacho kingebishana hata na kivuli chake. Hoja alikuwa anafanya utafiti wa matao ya mawe, na mwalimu wake alishamwambia mbele ya darasa zima, "Binti, kule hakuna tao hata moja. Utarudi na malengelenge." Darasa likacheka. Hoja akaapa. Mama aliwaruhusu kwa sharti moja tu: "Unamchukua mdogo wako, unirudishie huyo huyo."

Na sasa, jua likiwa linazama, tao lilikuwa mbele yao.

Miguu miwili ya mwamba, mgongo uliopinda juu, na katikati uwazi kama lango lililong'olewa milango. Mchangani, nyayo za watu ziliingia humo. Kutoka kwenye uwazi ule ilikuja harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa.

Jangwa lile halikumbuki mvua.

"Dada, nimekuuliza."

"Shika futi, acha maswali."

"Si ndiyo wewe Hoja? Basi jibu hoja."

"Sisimizi, giza linaingia!"

"Haya mama, haya. Mwenye utafiti mkali kuliko jua lenyewe."

Walichotaka kukijua ni unene wa mguu wa tao. Kazi hiyo waliijua kama kuosha vyombo: mmoja anabaki ameshika ncha ya futi, ule mkanda mrefu wa njano, mwenzake anapita katikati na kasha lake, anauzunguka mguu kwa nje, anamrudia. Nguzo za mawe chungu nzima walishazipima hivyo.

Sisimizi akapita katikati. Futi ikamfuata... srrrr... srrrr...

"Uko wapi?"

"Nazunguka! Huku kuna baridi, wewe..."

Kisha futi ikasimama.

Hata upepo ulinyamaza.

Sisimizi akatokea ubavuni mwa mwamba. Mikono mitupu.

"Kasha liko wapi?"

"Sijui, dada."

"Umeliangusha?"

"Ndiyo, dada."

"Unaona uzembe wako?"

"Ni kweli, dada."

Hoja alifumbua mdomo aendeleze ugomvi, akakosa pa kushika. Tangu mtoto huyu ajue kusema, neno "ni kweli" halijawahi kumtoka bila "lakini" nyuma yake. Hoja akainamisha macho. Pale ubavuni, alikotokea mdogo wake, mchanga ulikuwa laini kama unga uliochekechwa.

Haukuwa na unyayo hata mmoja.

Na hapo futi ikamvuta mkono.

"Dada! Vuta basi, imekwama!"

Sauti ilitoka upande wa pili wa tao. Kali, yenye kukosa subira. Sauti ya Sisimizi.

Sisimizi alikuwa amesimama bega kwa bega naye, midomo imefungwa.

"Mwangwi huo, dada," alinong'ona. Pumzi yake ilinuka udongo mbichi.

Futi ikavutwa tena, kwa nguvu.

Hoja akaachia.

Ncha ya njano ikateleza mchangani kama nyoka anayerudi shimoni. Nyuma yake, alipokuwa anakimbia, yule wa ubavuni akimfuata, alisikia, "Dada?... Mbona umeachia?"

Nyumbani Mama alifurahi, jamani. Mtoto habishi, hagombi, ametulia kama maji mtungini. Mwambie jua limechomoza magharibi, atakuambia ni kweli. Hoja alieleza mpaka koo likakauka. "Kwa hiyo mdogo wako kupata adabu ndiyo kosa?" Mama alimuuliza. Daktari alisema ni uchovu. Mwalimu alisikiliza akitabasamu, kisha akasema, "Hoja dhaifu. Ushahidi uko wapi?" Ulimi uliokuwa unazima ukumbi mzima ukawa hauna thamani mbele ya watu watatu.

Akambembeleza Mjomba, akambembeleza tena, mpaka siku moja alasiri akakubali kumrudisha. Korongo lilikuwa lile lile. Tao halikuwepo. Mbele yao ulisimama ukuta mzima, usio na hata ufa wa kupitisha uzi.

Ila kiunoni mwa ukuta, ncha ya futi ya njano ilikuwa imechomoza kwenye jiwe, kama ulimi.

"Mjomba, unaona?"

Mjomba aliona.

Hoja akaidaka kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote.

Upande wa pili, mtu akavuta pia.

Mjomba alimkamata kiunoni akambeba mzobemzobe mpaka garini, Hoja anapiga mateke, anatukana. Njia nzima alilia kwa hasira, na katikati ya hasira ndipo akili ikamfunguka. Nyayo za kuingia, za kutoka hakuna. Lile lango, ukipita katikati, hutoki kwa kuzunguka. Unatoka kwa kurudi ulikopitia, basi. Wao walikuja na kazi inayomtaka mtu azunguke. Na Sisimizi bado anazunguka, anavuta futi, anamsubiri dada yake avute upande huu, na kadiri wanavyovutana ndivyo anavyoufuata mguu ule ule.

"Mjomba, geuza gari! Sikutakiwa kuvuta, nilitakiwa kumwambia tu!"

Mjomba hakugeuza. Tangu siku hiyo funguo analala nazo chini ya mto. Mama amemkataza Hoja kulitaja lile jangwa ndani ya nyumba. Na mezani, wakati wa kula, yule mwingine humsogezea glasi ya maji, akamwambia kwa upole, "Usihangaike, dada."

Kwa hiyo wewe unayesikiliza, kama miguu yako itakufikisha kwenye makorongo yale, ukaiona ncha ya njano imechomoza kwenye mwamba, tafadhali usiivute. Sogeza mdomo karibu na jiwe, umwambie: Sisimizi, achia futi, rudi ulikopitia.

Atakubishia. Mwambie tena.