Komeo la Toleo la Tano

Panga lilipita juu ya kichwa cha Shamira na kuzama katika nguzo ya lango.

Mlinzi alilivuta. Halikutoka.

Shamira alimpa goti la tumbo, kisha kitako cha Beretta nyuma ya sikio. Mlinzi akalala kwa adabu, kama mtu aliyeruhusiwa na mkubwa wake.

Redio ya Motorola ilikwaruza sikioni. "Kunguru, uko wapi?"

"Kibomet, hapa Kitale. Ndani ya ua wa karakana ya programu."

"Askari wanatoka Webuye kwenda Bungoma. Simu za ghala zimekatwa. Hatuwezi kumwonya kaka yako."

"Nimesikia, mkuu."

Ghala lile la Bungoma lilijaa bunduki zilizonaswa mpakani. Miaka yote mlango wake ulikuwa wa kufuli. Leo, Machi 2006, saa tano asubuhi, kompyuta ingeupokea mlango na kufuli ling'olewe. Nyuma ya mlango alikaa mlinzi mmoja tu, kaka yake Sufian. Watu wa magendo wakiingia, wa kwanza kufa ni yeye.

Programu ya mlango ilitegemea kipande kiitwacho Komeo. Toleo la tatu la Komeo lilikuwa na tundu: aliyelijua alipita bila nenosiri. La tano lilizibwa. Kila mashine ya Kibomet ilipofunga kifurushi cha programu, ilitazama Komeo lililo tumboni mwake na kukiandikia kifurushi sharti yenyewe: toleo hili au jipya zaidi, la sivyo nisiwekwe. Bungoma bado walikuwa na la tatu. Basi Wakhungu, mkubwa wa magendo, alikuwa ameiteka karakana na kuishusha mashine hadi la tatu, ili Bungoma wakipokee kifurushi na tundu libaki wazi.

Saa nne kamili.

Mandazi ya Phelista, mpishi wa karakana, hutoka moto mara moja tu kwa siku. Majambazi wote walikuwa verandani, vikombe mkononi. Hata uhaini, Kitale, husimama kwa chai.

Shamira aliruka dirisha. Akachomeka flashi kwenye mashine. Komeo la tano likaingia. Kidole kilikuwa kinaelekea kwenye kitufe cha kufunga kifurushi.

Kitako cha bunduki kikampiga mbavu.

"Sasa, madam." Wakhungu alikuwa anatafuna. "Unaharakisha wapi na hata hujakunywa chai?"

Teke. Jino la Shamira likaruka chini ya meza.

"Ulitaka kuharibu kazi yetu, si ndio? Umechelewa, bana."

Akabonyeza kitufe mwenyewe. Mashine ikanguruma, ikafunga, ikatuma Bungoma. Hakusoma ilichoandika. Nani husoma kitu kinachojiandika?

Shamira alimeza damu na kunyamaza. Teke la pili akalinyamazia. La tatu pia.

Saa tano na dakika tano, Nokia ya Wakhungu ililia.

"Mkubwa, kompyuta imekataa," sauti ilipayuka. "Ati inataka Komeo la tano. Wameacha kufuli. Na kuna askari kwa..."

Mlio wa risasi. Simu ikakatika.

Wakhungu aligeukia skrini.

Kosa la mwisho.

Shamira alinyakua birika la chai ya moto mezani na kummwagia usoni. Wakhungu alifyatua risasi, akaua dari. Beretta waliyomnyang'anya Shamira ilikuwa kiunoni mwa jambazi aliyesimama mlangoni. Shamira alimvunja jambazi huyo mkono, akaichukua, akampiga risasi ya goti. Mwingine aliingia na rungu. Risasi mbili kifuani. Wa nne alitazama hesabu hiyo, akaruka ua bila viatu.

Wakhungu alipapasa bunduki sakafuni, amefumba macho.

"Ni nini uliandika?" alikoroma.

"Mimi? Mashine ilijiandikia. Kitufe ulibonyeza wewe."

Kisigino kikamlaza.

Motorola ikakwaruza. "Kunguru. Ghala ni salama. Sufian anauliza kama umekula."

Shamira alichukua andazi kwenye sahani, akalijaribu kwa upande wa mdomo ambao bado ulikuwa na meno.

"Mwambie limepoa," alisema, akatoka kwa lango.

Panga lilikuwa bado pale nguzoni. Akalichomoa, akampa mlinzi aliyelala alikumbatie.